Mama Bethuel na Chumba cha Taa Nyekundu

"Anti, kwa nini sisi hatualikwi kwako?"

Swali hilo nilimwuliza Mama Bethuel nikiwa na miaka kumi, katikati ya chai, kwenye ukumbi wa Fittja, viungani mwa Stockholm, tunakokutana baada ya ibada. Mama yangu akanifinya paja chini ya meza, ule mfinyo wa tutaonana nyumbani. Mama Bethuel akaweka kikombe chake chini, akaniangalia kidogo, akasema, "Eve, kunywa chai, inapoa." Ikaishia hapo. Lakini niliona jinsi akina mama wengine walivyotazamana. Kumbe nilikuwa nimeuliza kwa sauti jambo ambalo kila mmoja alikuwa akiliuliza jikoni kwake.

Jina lake ni Gaudiosa. Tunamwita Mama Bethuel kwa ajili ya mwanawe wa pekee, Bethuel, anayefanya kazi mgodini Kiruna, mbali kabisa kaskazini, na ambaye tulikuwa tukimwona Krismasi tu. Yeye mwenyewe ni mtu wa Bukoba. Alikuja Stockholm kusoma, akapata kazi ya maabara hospitalini, akabaki. Ni mama mrefu, mkimya, mwenye mwendo wa haraka, na akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Anakaa Alby, ghorofa ya sita, jengo linalotazamana na letu. Dirisha letu la jikoni linaona madirisha yake yote matatu.

Na mashaka yangu yalianzia hapo, kwenye madirisha.

Mawili yalikuwa ya kawaida, yana maua na nyota ya karatasi wakati wa Krismasi kama ya Waswidi. La tatu lilikuwa na pazia zito ambalo halijawahi kufunguliwa, na pembeni mwa pazia palikuwa panapenya mwanga mwekundu. Wakati wa baridi, sisi wengine madirisha yetu yakiwa na barafu kwenye pembe, la kwake lilikuwa limejaa mvuke kama la bafuni.

"Nani anaoga mchana kutwa?" mama aliuliza siku moja akiosha vyombo. Alikuwa anajiuliza mwenyewe, lakini swali nililichukua mimi.

Nieleze kwanza tunavyoishi. Watu wetu hapa ni Wakenya, Watanzania, Warundi wachache, na tumejiwekea desturi ya kupokezana nyumba. Mwezi huu sala na chakula ni kwetu, mwezi ujao kwa mwingine. Nyumba ni ndogo, watu wanakaa mpaka kwenye balkoni, viatu vinajaa hadi kwenye lifti, lakini ndiyo raha yenyewe. Mama Bethuel hakukosa hata nyumba moja. Alikuja na sufuria yake ya ndizi kwa nyama, akala, akaimba sauti ya pili, akaosha vyombo. Zamu yake ikifika, anatukodia ukumbi.

Mtu mmoja ambaye jambo hili lilimkereketa kuliko wote ni Mama Veronica. Huyu ni wa Marangu, anapika kwenye shule ya chekechea, ndiye kiongozi wa kikundi cha akina mama, na sauti yake akiongea kwenye jukwaa la treni inasikika kule juu barabarani. Alikuja kwetu siku moja bila kupiga simu, akakaa kabla ya kuvua koti.

"Mama Eve, nimekutana naye kwenye treni."

"Na nani?"

"Na nani tena! Ana mfuko umeganda barafu. Kitu kimefungwa kwa gazeti. Nikamwambia, dada, nikusaidie? Akauvuta mfuko namna hii. Gazeti likachanika." Akainamia meza. "Nikaona sikio."

"Sikio la nini?"

"Sikio, Mama Eve! Lina manyoya!"

Mama yangu ni Achola, mtu wa Kisumu, na si mtu wa kushtuka haraka. Alimimina chai. Lakini niliona anaangalia dirishani.

"Na yule mwanaume?" Mama Veronica akaendelea. "Yule mzee wa kofia, wa Tanga. Khalfan. Anapanda kwake Jumamosi, anakaa nusu saa, anashuka. Mkristo gani anatembelewa na mwanaume nusu saa? Nusu saa ni ya nini?"

"Labda anakunywa chai."

"Na mfuko mweusi mkononi? Chai ya mfuko mweusi?" Akashusha sauti, na kwake kushusha sauti maana yake ni kwamba jirani wa ukuta wa pili hasikii. "Yule mama ana kitu anakifuga. Kitu kinakula. Ndiyo maana yeye mwenyewe hanenepi."

Mimi nilikuwa mezani na hesabu zangu za shule, sijaandika hata namba moja. Nilikuwa na ushahidi wangu pia ambao sikuutoa. Jumapili moja Mama Bethuel alinyoosha mkono kuchukua birika, mkono wa blauzi ukapanda, nikaona karibu na kifundo cha mkono wake vidoti vidogo vilivyopona, vimejipanga kama mwezi mchanga. Na chini yake safu nyingine. Nilidhani kwanza ni chanjo. Lakini chanjo gani inachomwa kwa duara?

Baada ya siku ile Mama Veronica alipokuja kwetu, sufuria ya ndizi ilianza kurudi imejaa. Hakuna aliyetangaza. Watu walipita tu mezani wakachukua wali, wakachukua kuku, wakairuka ile sufuria kama vile haipo. Mama Bethuel aliona. Mwezi uliofuata akaja na sufuria ndogo zaidi. Ikarudi imejaa nayo. Akafunika, akaifunga kwa kitambaa, akaosha vyombo vya watu.

Mama yangu alipoona hilo alisema njiani tukirudi, "Huyu mama ana mama yake mzee sana kule Bukoba. Siku ile ikifika, nani atakwenda kwake?"

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa jambo. Kwa sababu sisi huku hatuna ndugu. Mtu akifiwa Alby, shangazi zake hawawezi kuja kulala sakafuni. Tunakuja sisi. Mfiwa anawekewa godoro sebuleni, anakaa, hainuki, haulizwi chumvi iko wapi wala taulo ziko wapi. Akina mama wanaichukua nyumba: wanafungua kabati, wanafungua friza, wanapika, wanafagia, mpaka siku ya mazishi ipite. Ukikosa watu hao, unalia peke yako na kuta, halafu Jumatatu unaenda kazini. Mama Bethuel alikuwa amekaa misiba ya kila mtu. Wa kwake ulikuwa haujafika.

Ulifika mwezi wa pili, theluji ikiwa imerundikana mpaka kwenye mabenchi. Ijumaa jioni ujumbe ukaingia kwenye kikundi cha simu: mama yake amefariki, anaomba tukutane ukumbini Fittja Jumapili, nyumbani watu wasisumbuke.

Mama Veronica akapiga simu papo hapo. Mama akaweka spika kwa sababu alikuwa anakanda unga.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Msiba wa ukumbini! Tutakata tiketi mlangoni? Mimi siendi. Na wengi wamesema hawaendi. Mtu anaficha nyumba yake hata akifiwa na mama yake?"

"Veronica, shemeji yangu alipofariki, nani alilala kwangu sakafuni?"

Mama akaendelea kukanda.

"Nani aliosha choo changu?"

"...Yeye."

"Basi kesho asubuhi vaa koti. Hatuendi ukumbini, tunaenda kwake."

Kisha Mama Veronica akasema, "Nakuja. Lakini nakuja kuona kwa macho yangu."

Jumamosi tukapanda lifti: mama na chupa za chai, Mama Veronica na mfuko wa mchele, mimi na sufuria mbili zilizoingiliana. Tulipobonyeza kengele, mlango ulifunguka upesi, kama mtu aliyekuwa akimsubiri mgeni mwingine. Alipotuona, akaurudisha ukabaki upana wa uso.

"Niliandika Jumapili," alisema. Macho yalikuwa yamevimba.

Mama Veronica alitua mchele, akashika kiuno, akaanza kulia. Si kulia kwa machozi, ni kule kwa kuita. "Maama wee! Umetuacha na nani!" Sauti ikashuka ghorofa zote sita. Mlango wa jirani ukafunguka, mzee wa Kiswidi akachungulia na soksi zake. Kwa desturi zetu huwezi kumwacha mtu anayemlilia mama yako asimame nje. Mama Bethuel akafumba macho, akafungua.

Nilikuwa nimengoja kuingia nyumba ile miaka miwili, na nakiri kwamba ilinivunja moyo. Kochi la kawaida. Televisheni ya kawaida. Picha ya bibi mmoja mwenye kitenge amekaa wima kama mwalimu mkuu. Ila mwisho wa korido palikuwa na mlango umefungwa, ufunguo umo kwenye kitasa, na kwa chini yake ukapita ule mwanga. Mwekundu.

Godoro likatandikwa. Mama Bethuel akakalishwa.

"Nisikilizeni," alisema. "Jikoni kuna..."

"Sss. Jikoni tuko sisi," Mama Veronica akamjibu.

"Mama Veronica, naomba nikuonyeshe kitu kwanza."

"Mfiwa haonyeshi. Kaa, dada. Umefiwa."

Jikoni, kwenye sinki, palikuwa na beseni la maji ya moto, na ndani ya maji mfuko wa plastiki umefungwa vizuri. Mama Veronica akauinua kwa vidole viwili. Ndani alikuwemo sungura. Mzima, mnene, na manyoya yake, ameshayeyuka barafu.

Mama Veronica alisimama na ule mfuko unadondosha maji, nikadhani atapiga yowe. Badala yake uso wake ukalainika polepole.

"Sikio," alisema. "Ndilo hili sikio." Kisha akaanza kucheka kwa kunong'ona. "Jamani! Maskini ya Mungu! Alikuwa anakula sungura! Alikuwa anaona haya! Watu wa kwao hawali, ndiyo maana anajificha." Akamgeukia mama. "Sisi Marangu tulikuwa na banda la sungura nyuma ya nyumba. Mimi baba yangu alinifundisha kuchuna nikiwa mdogo kuliko huyu Eve. Leo nampikia kwa mikono yangu. Atajua tumemwelewa."

Nilitaka kuuliza: na ile taa? Na mvuke? Na mtu anayenunua sungura wa kula, kwa nini ananunua mwenye manyoya? Lakini Mama Veronica alikuwa na furaha kwelikweli, furaha ya mtu aliyetua mzigo. Alimchuna sungura yule kwa ustadi ambao sijawahi kuuona, akamkata, akamtia kwenye kitunguu. Nyumba ikaanza kunukia.

Kengele ikalia. Akina mama wengine wachache walikuwa wamebadili mawazo, wakaingia na baridi yao na makoti yao makubwa ya theluji. Kulabu za makoti kwenye korido zikajaa. Makoti yakalundikana kwenye kiti, yakaanguka. Huku kwetu jambo la makoti halina mjadala: yanapelekwa chumbani, yanatupwa kitandani. Mama Veronica akajifuta mikono kwenye kitenge, akayakumbatia yote, la kwake likiwa juu, akaelekea mwisho wa korido. Nikamfuata na skafu. Sitasema nilimfuata kwa sababu ya skafu.

"Si chumba hicho!" Mama Bethuel alipaza sauti kutoka kwenye godoro. "Umeshika nini? Mikono yako imeshika nini?"

Mama akambonyeza mabega taratibu. "Tulia, mama. Ni makoti tu."

Ufunguo ukazunguka.

Joto lilitupiga usoni kama hewa ya Bukoba kabla ya mvua. Ukuta mzima, kutoka kona hadi kona, ulikuwa kabati la kioo, na ndani mna magogo, beseni la maji na ile taa. Sikuona kingine. Nilitafuta kitu kinachotisha nikaona gogo nene lenye madoa ya kahawia. Kisha gogo likageuza kichwa.

Kufuli lilikuwa linaning'inia wazi. Kioo kilikuwa kimesogea, upana wa kiganja hivi, na kichwa kile kilikuwa pale kwenye upenyo, ulimi unaingia na kutoka, hakitutazami sisi, kinatazama mikono ya Mama Veronica.

Sikuona yule chatu alivyoruka. Niliona tu kwamba mkono wa koti la juu ulikuwa mdomoni mwake, na nusu ya mwili wake ilikuwa nje, na inalizunguka lile koti, mara moja, mara mbili, inalibana. Mama Veronica alipiga ukelele kwa Kichaga. Na alikuwa bado amelishika. Alikuwa analivuta! Lile koti alilinunua juzi na hakuwa tayari kuliacha.

"Achia! Usivute, achia!"

Mama Bethuel alikuwa ameinuka kwenye godoro. Alipita katikati yetu na miguu yake mitupu, akatoa vidole vya Mama Veronica kwenye koti kimoja kimoja, akamsukuma nje kwa kiuno. Wakati huohuo mlango wa mbele ukafunguliwa bila kugongwa, akaingia Mzee Khalfan, kofia yake, mfuko wake mweusi, theluji mabegani. Aliangalia umati wa akina mama, akaangalia ule mlango uliofunguliwa, akaelewa kabla ya kuambiwa.

"Bismillahi," alisema. "Mama Bethuel, unataka koleo au spiriti?"

"Spiriti."

Ndani ya mfuko mweusi mlikuwa na koleo refu la chuma, glavu nene kama za fundi wa kuchomelea, na chupa ya spiriti. Basi, hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao ya nusu saa. Mzee Khalfan alisimama mlangoni akamrushia kitambaa kilicholoweshwa, na mimi nilimwona anatetemeka mpaka kofia inacheza. Alikuwa anawaogopa nyoka kuliko sisi wote. Mama Bethuel akakisogeza kitambaa karibu na mdomo wa chatu ili harufu kali imfanye aachie, bila haraka, anaongea naye kwa Kihaya. Halafu mdomo ukalegea. Mwili ukafunguka, duara moja baada ya jingine. Kwa fimbo yenye ndoano akamwongoza kurudi ndani, akasukuma kioo, kufuli likalia.

Akatoka, akafunga mlango, akaegemea.

"Nani ameshika sungura?"

Wote tukaangalia mikono ya Mama Veronica.

"Nimemchuna," alisema Mama Veronica kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Yuko kwenye kitunguu."

Mzee Khalfan alinusa upande wa jikoni. "Basi leo mimi na chatu tuna udhuru mmoja. Yeye hali cha kupikwa, mimi sijui aliyechinja."

Mama Bethuel akaziba mdomo kwa kiganja. Alicheka mpaka akateremka ukutani akakaa chini, na tulipokuwa tukisubiri amalize kucheka, tukagundua kwamba alikuwa ameshaacha kucheka kitambo. Alikuwa analia. Tangu tufike hakuwa amelia. Mama yangu akakaa naye pale pale sakafuni.

Mama Veronica hakukaa. Alikuwa anajisugua mikono kwenye sinki, na alipomaliza alisimama katikati ya sebule. "Umetuketisha na nyoka, Mama Bethuel. Nyoka! Mwenye ukubwa wa mtu!"

"Sikuwaketisha. Nilisema ukumbini."

"Wangapi wamelala hapa wakiwa hawajui?"

"Hakuna. Ndiyo sababu hakuna."

Mama Veronica akavaa shali ya mama yangu, kwa kuwa koti halikuvalika tena, akatoka. Wale wengine wakatazamana, wakachukua makoti yao, wakamfuata. Lifti ilishuka mara mbili. Tukabaki mama, mimi, Mzee Khalfan na chupa za chai za watu wengi. Mama akamwaga sungura, akapika uji. Mama Bethuel akarudi kwenye godoro, na kila lifti iliposikika aligeuza shingo, kisha akairudisha.

Bethuel alifika Jumapili kwa treni. Ni yeye aliyetueleza mwanzo wa yule chatu. Alimnunua shuleni kutoka kwa rafiki, akiwa kijana wa umri wangu wa sasa, na chatu mwenyewe mwembamba kama mkanda wa suruali. Akamwita Mkanda. Hakuuliza Mkanda atakua kufikia wapi. Alipopata kazi kaskazini, Mkanda alikuwa hatoshi tena kwenye kabati lolote la kubebeka, na mahali pa kumpokea chatu mkubwa hapapatikani kirahisi, kila mmoja anataka mdogo. "Mama alisema nimwache mpaka nipate nyumba," alisema, na hakumwangalia mama yake.

"Mimi sikumpenda," Mama Bethuel akasema. "Lakini alikuwa anakula kwangu."

Na jioni ile watu walikuja. Walikuja wengi! Wa Upplands Väsby walikuja, ambao hata kwenye arusi huwa wanasema treni ni mbali. Nilifikiri wamejuta. Kisha nikaona kwamba kila anayeingia anasema anatafuta mahali pa kuweka koti, na anaangalia mwisho wa korido. Mtoto mmoja alipigwa picha mbele ya ule mlango. Mama Bethuel alikuwa ameufunga, ufunguo umo ndani ya blauzi. Waliimba, walitoa pole, walikula kwa kunusa kila kipande cha nyama kabla hakijaingia mdomoni, na siku ya mazishi kule Bukoba, tulipomaliza kutazama kwenye simu, wakaondoka. Hawakurudi.

Sisi tulirudi. Mwanzoni mimi nilikwenda kwa ajili ya Mkanda, sitadanganya. Nilikuwa nadhani kulisha chatu ni jambo la damu na kelele. Kumbe ni jambo la kuosha mikono. Chakula kinanunuliwa kikiwa kimekufa na kugandishwa, kwa sababu mnyama hai akiogopa anaweza kumng'ata hata chatu. Kinayeyushwa ndani ya friji, kinapashwa kwenye maji, hakiwekwi mezani pa watu. Kinashikwa kwa koleo refu, hakishikwi kwa mkono. Na huwa wawili, siku zote wawili, mmoja wa kulisha na mmoja wa kusimama mlangoni asifanye lolote ila kutazama. Akishakula, haguswi siku kadhaa. Siku zisizo za chakula, kabla ya kumshughulikia anaguswa kwanza kwa fimbo, taratibu, ajue kwamba leo kinachoingia si chakula.

"Hana chuki," Mama Bethuel aliniambia. "Anakosea kwa harufu tu." Akanionyesha vile vidoti vya mkononi. Siku aliyong'atwa alikuwa amemshikashika paka wa jirani kwenye lifti, akaingia bila kunawa. "Kosa langu. Na siku ya msiba pia kosa langu. Mtu mwenye msiba halishi chatu. Nilifungua kufuli mapema nikimngoja Khalfan, kichwa hakikuwa changu."

Nilimwuliza kwa nini hakutwambia tu. Akasema nimsogezee beseni.

Miaka ikapita namna hiyo. Kwenye kikundi, sufuria ya ndizi ilikuja, mama akajipakulia kwa kelele akarudia tena, wengine wakairuka. Watu walimsalimia Mama Bethuel vizuri, kwa mkono ulionyooka. Magoti ya Mzee Khalfan yakamshinda, na mama yangu, Achola wa Kisumu, ndiye anayesimama mlangoni sasa na chupa ya spiriti, anamwambia Mkanda kwa Kijaluo mambo ambayo hatanitafsiria.

Msimu wa majani kudondoka uliopita, baba yake Mama Veronica alifariki Marangu. Tulipofika kwake tulimkuta Mama Bethuel ameshatangulia. Alikuwa ameinama bafuni anasugua choo. Alilala sakafuni hadi mazishi. Mama Veronica alikuwa kwenye godoro, na kila Mama Bethuel alipopita na sahani, nilimwona anamtazama mikono. Anatazama kama imeoshwa. Hata hivyo alikula.

Baada ya muda, Jumamosi moja isiyo ya chakula, kengele ya Mama Bethuel ikalia. Alikuwa ni Mama Veronica, na mchele. Akasema alikuwa anapita tu, ingawa ghorofa ya sita hakuna anakopita mtu. Akakaa kwenye kochi, kwenye ncha, uso umeelekea korido. "Kimefungwa?" akauliza. Kimefungwa. Akanywa chai. "Na kufuli?" Na kufuli. Hakuvua koti. Aliondoka jua likiwa bado juu, lakini wiki mbili baadaye akaja tena, akauliza maswali yaleyale, na leo amekuja mara ya tatu. Tumemwacha sebuleni na mama, wanabishana kuhusu pilipili.

Mimi nilikuwa jikoni na Mama Bethuel. Alikuwa anapakua ndizi, sufuria kubwa, ile ya zamani. Nipo darasa la mwisho la shule sasa, nina umri wa kujua kwamba swali likijibiwa "kunywa chai" halijajibiwa. Nikamwambia, "Anti, zamani nilikuuliza kwa nini hutualiki."

"Nakumbuka. Mama yako alikufinya."

"Hukujibu."

Alifuta ukingo wa sufuria kwa kitambaa, akasikiliza kidogo sauti ya Mama Veronica ikitoka sebuleni, inauliza tena kama kimefungwa.

"Niliogopa mngekuja mara moja tu," alisema.